Masomo ya mtandaoni au ya darasani? Hulka ya mwanafunzi ndiyo huamua

KILA mara matokeo ya Mtihani wa Kitaifa wa Kidato cha Nne (KCSE) yanapotangazwa, maelfu ya wazazi na watahiniwa hukaa kitako kupiga hesabu. Kozi ipi? Chuo kipi? Karo itatoka wapi?

Katika miaka ya hivi majuzi, swali jingine limeongezwa kwenye orodha hiyo. Je, ni heri mwanafunzi ahamie chuoni na kuketi katika ukumbi wa mihadhara, au abaki nyumbani na kusomea shahada yake kupitia intaneti?

Aghalabu swali hili hujibiwa kwa kuangalia mfuko. Masomo ya mtandaoni humwondolea mzazi gharama ya malazi, nauli na chakula, na kwa familia inayotegemea mauzo ya majani chai au ng'ombe mmoja wa maziwa, hiyo si tofauti ndogo.

Hata hivyo, utafiti uliofanywa kwa zaidi ya mwongo mmoja sasa unaonyesha kuwa gharama ni nusu tu ya hesabu. Nusu nyingine ni mwanafunzi mwenyewe: alivyofaulu awali, umri wake, nidhamu yake, majukumu yanayomkabili na mazingira anamosomea. Kozi ileile, yenye mtalaa uleule na mhadhiri yuleyule, yaweza kumjenga mmoja na kumwangusha mwenzake kwa sababu tu ya njia iliyotumiwa kuifundisha.

Makala haya yanaeleza hulka hizo moja baada ya nyingine, na jinsi zinavyofanya kazi katika kila mfumo.

ELIMU YA MBALI SI NGENI

Kusoma bila kukutana na mwalimu hakukuanza na tarakilishi. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini (UNISA) kilianza kufundisha kwa njia ya posta mwaka wa 1946. Miongoni mwa waliohitimu kupitia chuo hicho ni hayati Nelson Mandela, aliyepata shahada yake ya sheria mwaka wa 1989 angali kifungoni.

Uingereza ilianzisha Chuo Kikuu Huria mwaka wa 1969, na wanafunzi wake wa kwanza wakaanza masomo mwaka wa 1971, wakitumiwa vitabu kwa posta na kufuatilia vipindi vya redio na televisheni vya BBC.

Katika ukanda wetu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilibuniwa kwa sheria ya Bunge mwaka wa 1992 na kuanza kufundisha mwaka wa 1994. Mradi wa Chuo Kikuu Pepe cha Afrika (AVU), ulioasisiwa na Benki ya Dunia mwaka wa 1997, ulihamishia makao yake Nairobi mwaka wa 2002. Hapa Kenya, walimu wengi walijiendeleza kwa masomo ya posta na redio kabla ya intaneti kufika vijijini.

Janga la Covid-19 ndilo lililogeuza njia hii ya wachache kuwa ya wote. Vyuo vilipofungwa Machi 2020, wahadhiri na wanafunzi walijikuta mtandaoni bila maandalizi. Miaka mitatu baadaye, Agosti 2023, Rais William Ruto alikabidhi hati ya kuanzishwa kwa Chuo Kikuu Huria cha Kenya, makao yake yakiwa katika mji wa kiteknolojia wa Konza.

Kwa hivyo, mjadala kuhusu iwapo masomo ya mtandaoni yatakuja au la umepitwa na wakati. Yamekuja. Linalofaa kujadiliwa ni nani yanamfaa na nani yanamponza.

UGUMU WA KULINGANISHA

Kabla ya kuyapima matokeo ya utafiti, ni muhimu msomaji aelewe mtego mmoja unaowanasa wengi.

Wanafunzi wanaochagua kusoma mtandaoni si sawa na wanaochagua darasa. Wengi wao ni watu wazima, wana ajira, wana watoto. Ukilinganisha alama za makundi haya mawili moja kwa moja, huwezi kujua ikiwa tofauti imeletwa na mtandao au imeletwa na maisha ya wanafunzi wenyewe.

Watafiti makini wameuepuka mtego huu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuwagawa wanafunzi kwa kura, hawa mtandaoni na hawa darasani, pasipo wao kuchagua. Ya pili ni kuwafuatilia wanafunzi walewale wanapochukua kozi kadhaa kwa mifumo yote miwili, kisha kuona tofauti iko wapi.

Mengi ya matokeo yaliyotajwa hapa yametoka Marekani, ambako tafiti za aina hii zimefanywa kwa wingi. Vyuo vya huko si vyetu, na yapasa kuyachukua kwa tahadhari. Lakini sababu zinazotolewa na watafiti hao ni za kibinadamu, na mhadhiri wa Eldoret au Mombasa atazitambua mara moja.

UFAULU WA AWALI

Hili ndilo jambo ambalo tafiti zinakubaliana kwalo kwa uthabiti mkubwa kuliko yote: mwanafunzi dhaifu huumia zaidi mtandaoni kuliko mwanafunzi hodari.

Watafiti Di Xu na Shanna Smith Jaggars wa Chuo Kikuu cha Columbia walichunguza takriban kozi 500,000 zilizosomwa na wanafunzi zaidi ya 40,000 katika vyuo vya jamii vya jimbo la Washington. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka wa 2013, yalionyesha kuwa wanafunzi wa kila aina walishuka walipochukua kozi mtandaoni. Hata hivyo, walioshuka zaidi walikuwa wale waliokuwa na alama za chini tangu hapo, pamoja na wanaume, vijana na wanafunzi Weusi.

Mwaka wa 2017, jarida la American Economic Review lilichapisha utafiti wa Eric Bettinger na wenzake kuhusu wanafunzi zaidi ya 230,000 wa chuo cha DeVry. Katika chuo hicho, kozi ya mtandaoni na ya darasani zilitumia silabasi na vitabu vilevile. Licha ya hayo, kusomea mtandaoni kulishusha alama ya kozi kwa takriban 0.44 kwenye kipimo cha alama nne kinachotumiwa Marekani.

Madhara hayakukomea hapo. Wanafunzi hao walipata alama za chini pia katika kozi zilizofuata, na uwezekano wao wa kuendelea na masomo mwaka uliofuata ulipungua. Waliokuwa na alama hafifu kabla ya kozi ndio walioumia zaidi, ilhali kwa wale wa kilele athari haikuonekana bayana.

Wakati wa janga la Covid-19, chuo cha kijeshi cha West Point kiliwagawa kwa kura wanafunzi zaidi ya 500 wa somo la msingi la uchumi, baadhi darasani na wengine mtandaoni. Waliosomea mtandaoni walipata alama za chini, na sehemu kubwa ya pengo hilo ilitokana na wale walioingia chuoni na maandalizi dhaifu. Walipoulizwa, wanafunzi wa mtandaoni walisema iliwawia vigumu kumakinika, na kwamba walijihisi wametengana na mhadhiri na wenzao.

Kwa nini iwe hivyo? Darasani, mwanafunzi aliyeachwa nyuma huonekana. Mhadhiri huona uso uliokunjamana na kurudia hoja. Jirani humnong'onezea mwenzake jibu. Mtandaoni, aliyepotea hupotea kimyakimya, na huenda asigunduliwe hadi mtihani wa mwisho wa muhula.

NIDHAMU BINAFSI

Hulka ya pili kwa uzito ni uwezo wa mwanafunzi kujiongoza: kupanga muda, kuanza kazi bila kusukumwa, kujipima na kujirekebisha.

Msomi Barry Zimmerman, aliyebobea katika taaluma hii, aliigawa kazi ya kujiongoza katika hatua tatu. Kwanza mwanafunzi hupanga na kujiwekea lengo. Kisha hutekeleza huku akijichunga asikengeuke. Hatimaye hujitathmini na kuuliza ni nini kilichofaulu na kilichokwama. Darasa la kawaida humfanyia mwanafunzi sehemu ya kazi hii kupitia ratiba, mahudhurio na macho ya mhadhiri. Mtandao humwachia yote.

Mwaka wa 2015, watafiti Jaclyn Broadbent na W.L. Poon walikusanya tafiti zilizotangulia kuhusu masomo ya mtandaoni katika vyuo. Waligundua kuwa mbinu zilizoandamana na matokeo mema ni kupanga muda, kujichunguza unavyofikiri, kudumisha juhudi kazi inapochosha na kutafakari kwa kina. Mbinu ya kukariri, ambayo wanafunzi wengi huiamini, haikuwa na msaada mkubwa.

Aidha, uchanganuzi mpana wa Arthur Poropat, uliochapishwa mwaka wa 2009, ulionyesha kuwa hulka ya bidii na utaratibu ina uhusiano wa karibu na ufaulu. Matokeo ya shule ya upili yalipozingatiwa, hulka hiyo ilisaidia kutabiri alama za chuo kikuu kwa kiwango sawa na akili.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kenya anapohitaji kujitazama kwa dhati. Wengi wa wanaojiunga na vyuo vikuu wametoka katika shule za bweni. Kwa miaka minne wameamshwa na kengele, wameingia prepu kwa kengele na kulala kwa kengele, huku mwalimu wa zamu akizunguka. Wamepata alama nzuri, naam, lakini nidhamu hiyo haikuwa yao. Ilikuwa ya kengele.

Mwanafunzi kama huyo akisajiliwa katika kozi ya mtandaoni mara tu baada ya kidato cha nne, anahamishwa kutoka mfumo unaompangia kila dakika hadi mfumo usiompangia lolote. Mhadhara umerekodiwa, waweza kuutazama kesho. Kesho huzaa kesho kutwa. Ajizi ni nyumba ya njaa, na katika wiki ya kumi mwanafunzi hujikuta na mihadhara ishirini asiyoitazama.

Mfano mzuri wa hatari hii ni kozi za bure za mtandaoni ambazo mtu yeyote duniani anaweza kujisajili. Justin Reich na José Ruipérez-Valiente waliripoti mwaka wa 2019 katika jarida la Science kuwa kati ya wote waliojisajili kwenye kozi za edX katika mwaka wa 2017-18, waliokamilisha walikuwa asilimia 3.13 pekee. Ni kweli kwamba wengi walijisajili kwa udadisi tu, bila karo wala shinikizo. Hata hivyo, takwimu hiyo inaonyesha jinsi safari isiyo na msindikizaji ilivyo rahisi kukatizwa.

UMRI NA MAJUKUMU

Wengi hudhani kuwa vijana, kwa kuwa wamezaliwa katika enzi ya simu na mitandao ya kijamii, ndio watakaong'aa katika masomo ya mtandaoni, na kwamba watu wazima watababaika. Utafiti wa Xu na Jaggars ulionyesha kinyume. Wanafunzi wenye umri mkubwa walimudu mtandao vyema kuliko vijana.

Kujua kubonyeza na kujua kujifunza ni mambo mawili tofauti. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 38 anayetafuta shahada anajua hasa kwa nini anasoma. Amezoea kuamka alfajiri bila kuamshwa. Karo inatoka mfukoni mwake, na kupandishwa cheo kunategemea cheti hicho.

Isitoshe, kwa mtu wa aina hii kulinganisha mtandao na darasa ni kujidanganya. Muuguzi wa Lodwar mwenye watoto wawili na zamu za usiku hawezi kuacha kazi akakae Nairobi miaka minne. Kwake, mbadala wa mtandao ni kutosoma kabisa.

Ushahidi wa jambo hili upo. Chuo cha Georgia Tech nchini Marekani kilianzisha mwaka wa 2014 shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta ya mtandaoni kwa takriban dola 7,000, bei iliyokuwa sehemu ndogo ya gharama ya kusomea chuoni. Joshua Goodman na wenzake walibaini kuwa programu hiyo haikuwavuta wanafunzi kutoka darasani. Iliwavuta wengine kabisa: Mwombaji wa kawaida wa kozi ya darasani alikuwa kijana wa miaka 24 hivi kutoka ng'ambo, ilhali wa mtandaoni alikuwa Mmarekani wa miaka 34 aliye kazini. Wasingepata nafasi hiyo, wengi wao wasingesoma kokote.

Hata Bettinger na wenzake, waliotoa matokeo makali kuhusu DeVry, walitahadharisha kuwa hesabu zao zinawahusu wanafunzi waliokuwa na uwezo wa kupata njia zote mbili. Kwa asiye na darasa karibu, mizani ni nyingine.

JINSIA NA KAZI ZA NYUMBANI

Tafiti za Marekani zimeonyesha mara kadhaa kuwa wanawake hustahimili masomo ya mtandaoni kuliko wanaume. Xu na Jaggars waliliona hilo. David Figlio na wenzake, waliowagawa kwa kura wanafunzi wa somo la uchumi katika chuo kikuu kimoja kikubwa, waliripoti mwaka wa 2013 kuwa mihadhara ya ana kwa ana ilikuwa na manufaa zaidi kwa wanaume, kwa wanafunzi wenye asili ya Kilatino na kwa wenye alama za chini.

Lakini matokeo hayo yasihamishwe hapa nyumbani bila kuchujwa. Msichana anayesomea katika nyumba ya wazazi wake mashambani huonekana na jamaa kuwa yuko nyumbani, wala si kuwa yuko darasani. Maji yanamngoja, kuni zinamngoja, na mdogo wake anataka kubebwa. Ndugu yake wa kiume aliye na kozi kama hiyo huenda akaachwa peke yake chumbani.

Kwa mwanafunzi huyo, bweni la chuo si mahali pa kulala tu. Ni ruhusa ya kuwa mwanafunzi. Familia inayoamua bintiye asomee nyumbani yapaswa kuamua pia, na kwa sauti, ni saa zipi hataitwa jikoni.

MNYAMAVU NA MSEMAJI

Akili ni nywele, kila mtu ana zake; na haiba vilevile. Kuna mwanafunzi ambaye katika ukumbi wa watu 300 hatainua mkono hata akijua jibu. Huenda anaogopa kuchekwa kwa lafudhi yake, au Kiingereza chake hakitiririki anapotazamwa.

Mtandao waweza kumfungua mtu huyu. Katika mjadala wa maandishi anapata muda wa kupanga hoja na kusahihisha sentensi kabla ya kuituma. Mhadhara uliorekodiwa anaweza kuusimamisha na kuurudia mara tatu, jambo ambalo hawezi kumwomba mhadhiri mbele ya umati. Mwanafunzi asiyesikia vyema atafaidi maandishi yanayoandamana na video, mradi chuo kimeyaweka.

Kinyume chake, kuna mwanafunzi anayefikiri kwa kuzungumza. Huelewa nadharia anapobishana na wenzake kwenye ngazi za maktaba au wakila chapati mkahawani. Mtu huyu akifungiwa chumbani na skrini, hunyauka. Atazame mhadhara mara kumi, bado atahisi kuna kitu amekikosa.

Ndiyo maana wanafunzi wengi wa Kenya hujiundia makundi ya WhatsApp hata pale chuo kimetoa jukwaa rasmi la majadiliano. Wanatafuta kile ambacho jukwaa haliwapi: mtu wa kuuliza saa nne za usiku, "Wewe umeelewa swali la pili?"

KUJIAMINI

Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza katika maandishi yake ya mwaka wa 1977 kuwa imani ya mtu kwamba anaweza kuikamilisha kazi fulani huathiri bidii atakayoitia na muda atakaovumilia inapokuwa ngumu.

Katika masomo ya mtandaoni, kujiamini huku kuna sura mbili. Ya kwanza ni kuliamini somo lenyewe: naweza hesabu. Ya pili ni kuviamini vyombo: naweza kupakia kazi yangu kwenye mfumo wa chuo kabla ya saa sita usiku. Mwanafunzi anayejua hesabu barabara anaweza kukata tamaa kwa sababu ya sura ya pili, hasa kama aliigusa tarakilishi kwa mara ya kwanza baada ya shule ya upili.

Habari njema ni kuwa kujiamini kwa aina hii hufundishika. Wiki mbili za kuwaelekeza wanafunzi jinsi ya kutumia mfumo wa chuo, zikisimamiwa na mtu badala ya kijitabu, zaweza kuokoa muhula mzima.

DHANA ISIYO NA MASHIKO

Yafaa hapa kuitaja imani moja iliyoenea sana, hata miongoni mwa walimu. Inadaiwa kuwa kuna wanafunzi wa kuona, wa kusikia na wa kutenda, na kwamba kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake. Wapo wanaochagua kozi za video kwa sababu wameambiwa wao ni wa kuona.

Mwaka wa 2008, Harold Pashler na wanasaikolojia wenzake walizipitia tafiti kuhusu dai hili. Walihitimisha kuwa hakukuwa na ushahidi wa kutosha wa kuthibitisha kuwa kumfundisha mtu kwa mtindo anaoupenda humfanya ajifunze zaidi. Watu wana mapendeleo, ndiyo. Lakini kupendelea video si sababu ya kutosha ya kuchagua shahada ya mtandaoni.

HALI YA NYUMBANI

Kuna mambo yanayoonekana kama hulka ya mwanafunzi ilhali ni hali anayoishi. Anayekosa mihadhara ya moja kwa moja huitwa mvivu, kumbe amemaliza data. Anayewasilisha kazi ikiwa imejaa makosa huitwa mzembe, kumbe aliiandika kwa simu yenye kioo kilichopasuka.

Chuo hutoa zaidi ya mihadhara. Hutoa umeme, meza, maktaba, intaneti isiyopimwa kwa megabaiti, na ukimya. Mwanafunzi anapobaki nyumbani, gharama ya vitu hivyo huhamia kwa familia yake, japo haionekani kwenye orodha ya karo.

Mzazi anayesema kuwa masomo ya mtandaoni ni rahisi ajumlishe basi bei ya kipakatalishi, vifurushi vya data vya miaka minne na nauli ya kwenda kutafuta mawimbi mvua inapokata mtandao. Huenda bado yakawa rahisi. Lakini ni vyema iwe kwa hesabu, isiwe kwa dhana.

NJIA YA MSETO

Baina ya ncha hizi mbili kuna njia ya kati, ambayo ni kuchanganya mihadhara ya mtandaoni na vikao vya ana kwa ana.

Mwaka wa 2012, William Bowen na wenzake walitoa ripoti kuhusu wanafunzi zaidi ya 600 wa takwimu katika kampasi sita za vyuo vya umma nchini Marekani. Waliogawiwa mfumo wa mseto walijifunza kwa programu ya kompyuta na kukutana na mwalimu kwa takriban saa moja kwa wiki. Matokeo yao ya mtihani yalikuwa karibu sawa na ya waliohudhuria darasa la kawaida.

Ripoti ya Wizara ya Elimu ya Marekani ya mwaka wa 2009, iliyochanganua tafiti nyingi kwa pamoja, iliupa mfumo wa mseto nafasi ya juu. Iliongeza, hata hivyo, kuwa mara nyingi wanafunzi wa mseto walipewa muda na nyenzo za ziada, na yawezekana hizo ndizo zilizoleta tofauti.

Funzo ni kwamba saa moja ya kukutana na binadamu kila wiki inaweza kutosha kuwashikilia wale ambao mtandao mtupu ungewaacha wateleze. Kwa nchi kama Kenya, kikao hicho chaweza kufanyika katika kituo kilicho karibu na mwanafunzi, si lazima asafiri hadi makao makuu ya chuo.

MASWALI YA KUJIULIZA

Kabla ya kujisajili, mtahiniwa na mzazi wake wafaa kujibu maswali haya bila kujipendelea.

Kwanza, je, mwanafunzi amewahi kukamilisha jambo refu bila kusimamiwa? Liwe kozi fupi, biashara ndogo au shamba la mboga.

Pili, alama zake katika masomo ya msingi wa kozi hiyo ni imara au zilipatikana kwa kusukumwa? Kozi aliyo dhaifu ndani yake ndiyo anayopaswa kuisomea darasani.

Tatu, ana mahali na saa zisizoingiliwa kila siku? Saa mbili zenye uhakika ni bora kuliko sita za kubahatisha.

Nne, ni nani atakayejua kuwa amekwama? Ikiwa hakuna jina linalokuja akilini, hiyo ni hatari.

Tano, chuo chenyewe humfuatilia mwanafunzi aliyenyamaza kwa wiki mbili, au hungoja hadi mtihani? Na ni wangapi kati ya wanaoanza kozi hiyo ndio huimaliza? Chuo kinachojivunia idadi ya waliosajiliwa lakini hakitaji idadi ya wanaohitimu kinaficha jambo ambalo mlipaji karo ana haki ya kulijua.

HATARI ILIYOPO

Masomo ya mtandaoni hunadiwa kama daraja la kuwavusha wale ambao mfumo wa kawaida uliwaacha: waliopata alama za wastani, wa mbali, wasio na karo. Nia hiyo ni njema. Lakini ushahidi unaonyesha kuwa, miongoni mwa hao, vijana wenye maandalizi dhaifu ndio wanaohitaji kusindikizwa zaidi, na ndio ambao mtandao usio na msaada huwaangusha kwanza.

Ikiwa wenye uwezo watapelekwa madarasani na wasio nao waachiwe skrini kwa sababu ni nafuu, tutakuwa tumejenga ngazi mbili za elimu kwa jina la kuondoa ubaguzi. Vijana wataacha masomo katika mwaka wa pili wakiwa na deni la mkopo na bila cheti, na lawama watajitwisha wenyewe.

Hili laweza kuepukwa. Vyuo viwapime wanafunzi kabla ya kuwasajili mtandaoni, viwape walio dhaifu vikao vya ana kwa ana, na viwaajiri walezi wa kupiga simu mwanafunzi anapotoweka. Gharama ya simu hiyo ni ndogo. Gharama ya kutoipiga hulipwa na kijana na familia yake.